Kumchagulia mtoto jina la Kigaeli au la Kikelti: mwongozo kamili kwa mzazi anayezungumza Kiswahili

Ingia darasa lolote la Kisumu au Nakuru uite "Kevin!" uone watakaoinua vichwa. Ita Brian, vivyo hivyo. Ongeza Duncan, Kenneth, Ian, Sheila, Maureen na Fiona, utagundua kwamba majina ya Waairishi na Waskoti tunayo siku nyingi, ila yalitufikia kwa tahajia ya Kiingereza. Mengi yalipitia kwa wamisionari. Mahali Waskoti walipojenga misheni yao huko Kikuyu panaitwa Thogoto hadi leo, yaani "Scot" kwa mdomo wa Kikikuyu, na masista wa Loreto kutoka Ayalandi wamesomesha wasichana wa Kenya tangu miaka ya 1920. Kenneth Kaunda alikuwa mtoto wa mhubiri na mwalimu wa misheni ya Kanisa la Uskoti. Kenneth ni Coinneach, jina la Kigaeli.

Mwongozo huu ni wa mzazi anayetaka kwenda mbali zaidi ya Kevin: mama wa Mombasa aliyeolewa Galway, baba wa Moshi anayefanya kazi Glasgow na mkewe Mskoti, au wazazi wa Dar ambao hawajafika Ulaya lakini wamesikia Saoirse mahali wakalipenda. Msimamo wangu nautoa mapema. Jina la Kigaeli lichaguliwe kwa sikio kwanza, macho yaje baadaye, na sikio lenyewe liwe la pande mbili: la huko linakotoka na la nyumbani kwenu. Wengi hufanya kinyume. Wanapenda herufi kwenye orodha, wanasajili, halafu wanaanza kuuliza linatamkwaje.

Hatua ya 1: Jua unataka lugha ipi

Hakuna mtu anayezungumza "Kibantu". Anazungumza Kisukuma, Kikamba au Kinyarwanda. Kikelti nacho ni ukoo wa lugha, una matawi mawili yaliyo hai. Tawi la kwanza ni la Kigaeli: Kiairishi, Kigaeli cha Uskoti, na lugha ya Kisiwa cha Man, ambayo mzawa wake wa mwisho alifariki mwaka 1974 na sasa inafufuliwa na waliojifunza. Tawi la pili lina Kiwelisi cha Wales, Kibretoni cha Bretagne kule Ufaransa, na lugha ya Cornwall, ambayo nayo ilikufa ikafufuliwa.

Orodha nyingi za majina huvichanganya vyote kwenye kapu moja: Rhys wa Wales, Eilidh wa Uskoti na Saoirse wa Ayalandi wote wanaandikwa "Kikelti". Kama mume wako ni wa Cardiff, Saoirse ni jina la kigeni kwake kama lilivyo kwako. Si kosa kulichagua, lakini lichagueni mkijua.

Kuna pia majina yanayouzwa kama ya Kiairishi ambayo Waairishi wenyewe hawakuwa na desturi ya kuwapa watoto. Colleen ni neno cailín, "msichana", basi. Shannon ni mto. Erin ni Ayalandi yenyewe, na ni watoto wa wahamiaji wa Marekani na Australia waliolifanya jina la mtu. Mackenzie ni ubini wenye maana ya "mwana wa Coinneach", mwana wa kiume, ingawa Wamarekani wanawapa mabinti. Mtoto wako akiitwa Colleen kule Eldoret hana tatizo lolote. Akiitwa Colleen kule Cork, watatabasamu kidogo.

Hatua ya 2: Jifunze kulisoma kabla ya kulipenda

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Kiairishi hakiandikwi ovyo kama wanavyodhani wanaokiangalia kwa macho ya Kiingereza. Kina kanuni zake, na zinashikika. Kanuni mama ni kwamba kila konsonanti ina sura mbili, nzito na nyembamba. Ikipakana na a, o au u ni nzito. Ikipakana na e au i ni nyembamba. Ndiyo maana majina yamejaa irabu: nyingi hazitamkwi, zimewekwa pale kuonyesha konsonanti ya jirani ni ya sura gani.

Chukua Saoirse tulichambue. S ya kwanza inafuatwa na a, kwa hiyo ni nzito, ni s ya kawaida. Kundi la aoi linatamkwa ii. R inabaki r. S ya pili inafuatwa na e, kwa hiyo ni nyembamba, na s nyembamba ni sh. E ya mwisho hutamkwa hafifu, karibu na a. Matokeo ni Siirsha. Herufi saba, na hakuna iliyowekwa bure.

Sasa jaribu Caoimhe. C daima ni k, haijawahi kuwa s. Ndiyo maana Ciara ni Kiara na Cian ni Kian. Aoi ni ii. Mh ni v. E hafifu. Kiiva. Lakini ukienda kusini au magharibi utasikia Kwiiva, na wote wako sahihi. Hii ni tofauti ya Ulster, mkoa wa kaskazini, na mikoa mingine, na kabla ya kuamua ni vizuri kujua mtoto wako atakuwa Kiiva au Kwiiva.

Mambo mengine ya kukariri ni machache. Bh na mh ni v, mara nyingine w: Niamh ni Niiv, Siobhán ni Shivoon, Sadhbh ni Saiv. Alama ya mkwaju juu ya irabu, ambayo wenyewe wanaiita fada, inarefusha: í ni ii, ó ni oo ya kondoo, ú ni uu, é inakaribia ei, na á kwa wengi inaelekea oo, ndiyo maana Seán ni Shoon na Gráinne ni Groonya. Róisín ni Rooshiin. Síle ni Shiila, na hapo utamtambua Sheila wa kwetu.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake. Sisi tumezoea th ya thamani na dh ya dhahabu. Kiairishi kinaandika herufi hizo hizo kwa kazi nyingine kabisa. Th ni h tupu, kwa hiyo Cathal ni Kahal. Dh mwanzoni mwa neno, ikifuatwa na a, o au u, ni gh yetu ya ghali. Katikati na mwishoni mara nyingi humezwa: Fiadh ni Fia, Tadhg ni Taig, na Eoghan, ambalo lina gh, ni Owen.

Lakini pia tuna faida. Ch ya Kiairishi ni kh ya kheri na Khamis, sauti inayowasumbua sana Waingereza na ambayo mtoto wa Lamu anaitoa bila kufikiri. Halafu Waairishi hawapendi konsonanti fulani zikae zimebanana, wanachomeka irabu katikati, tabia tunayoifahamu vizuri sisi wa "kilabu" na "filimbi". Colm hutamkwa Kolom. Sorcha hutamkwa Sorokha. Mzee wa Tanga atakayesoma jina hilo atalichomekea irabu yake mwenyewe, na hatakuwa mbali na mzee wa Connemara.

Kigaeli cha Uskoti ni ndugu wa karibu, ila alama yao inaelekea upande wa pili (à badala ya á) na baadhi ya sauti zimehama. Eilidh ni Eili. Ruairidh ni Ruari. Mhairi ni Vaari.

Kuhusu Kiwelisi nina maoni ambayo sijasikia wengi wakiyasema: kwa mdomo wa Mswahili, hiki ndicho rahisi kuliko vyote. Mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale tunapouweka sisi, kwa hiyo Angharad na Myfanwy utaziweka sawa bila kufundishwa. Dd yao ni dh yetu ya dhahabu hasa, hivyo Dafydd, yaani Daudi, ni Davidh. F moja ni v, ff mbili ndiyo f, kwa hiyo Ffion ni Fion. W ikikaa kama irabu ni u. Kigumu ni ll pekee, ile ya Llywelyn, ambayo unaweka ulimi tayari kusema l kisha unapuliza hewa pembeni. Watu wanakimbilia Kiairishi kwa sababu ya umaarufu wakati Carys, Rhys, Gwen na Megan wako pale wanangoja.

Usitegemee maandishi yangu peke yake. Sikiliza mtu akitamka, na ikiwezekana watu wawili wa mikoa tofauti. Kamusi za mtandaoni za Foras na Gaeilge, taasisi ya lugha ya Kiairishi, zina sauti za lahaja tatu, Ulster, Connacht na Munster, na kwa majina ambayo pia ni maneno ya kawaida, kama saoirse (uhuru) au aisling (ndoto, njozi), utasikia yote matatu.

Hatua ya 3: Lipitishe kwenye sikio la Kiswahili

Hii hatua hutaikuta kwenye kitabu chochote cha majina cha Dublin.

Fiadh mwaka 2021 lilikuwa jina la kwanza kwa mabinti waliosajiliwa Ayalandi. Ni zuri, linahusiana na pori na paa wa mwituni. Kwa sikio letu ni Fia. "Alifia vitani." "Amefiwa." Mwambie mama mkwe kule Korogwe kwamba mjukuu anaitwa Fia, kisha sikiliza ukimya kwenye simu.

Kuna mengine yasiyotisha lakini yatakayoleta kichekesho kila siku. Ita ni mtakatifu wa Limerick, anayekumbukwa tarehe 15 Januari, anayehesabiwa mlezi wa watakatifu wa Ayalandi. Jaribu kusema "Ita, muite Ita" nyumbani kwenu. Úna linatamkwa Una: "Una ana homa", "Una una nini?" Enda ni jina la kiume la mtakatifu wa Visiwa vya Aran, na waziri mkuu wa Ayalandi kuanzia 2011 hadi 2017 aliitwa Enda Kenny, kwa Mkenya ni amri ya kuondoka. Shona, la Uskoti, ni amri ya kuchukua sindano na uzi. Maeve ni jina la malkia mkali wa Connacht katika visa vya kale, na hutamkwa Meiv. Likishaongezewa irabu ya mwisho kama tunavyofanya linakuwa Mevi, na watoto wa uani hawatahitaji muda mrefu kubadilisha irabu moja.

Sisemi uyakatae. Familia yenye ucheshi italibeba Enda vizuri sana. Ninachosema ni kwamba uyaseme kwa sauti ndani ya sentensi za Kiswahili: za kumwita mtoto kula, za kumgombeza, za kumtambulisha kanisani au msikitini. Mpigie simu bibi yake, mtajie majina matatu bila kumwambia unalolitaka, umwombe ayarudie. Jina atakalolirudisha ndilo mtoto atakaloitwa likizo zote. Kama Tadhg limerudi "Taigi" na Niamh limerudi "Nivu", jiulize kama unaweza kuishi nalo. Kama huwezi, usimlaumu bibi, badilisha jina.

Kuna yanayopita pande zote mbili bila kukwaruza. Nia ndilo bora kuliko yote. Huko Wales ni jina la kawaida la msichana, wamelipata kutoka kwa Niamh wa Kiairishi, na kwetu halihitaji maelezo. Tara, kilima cha wafalme wa kale wa Ayalandi, linasemeka popote. Nora, Mona, Kiara, Kian, Rian, Dara, Owen na Liam hayana shida kwenye ulimi. Hili la mwisho limeshajaa Nairobi. Ni kifupi cha Uilliam, William wa Kiairishi.

Hatua ya 4: Chunguza maana na hadithi yake

Tovuti za majina zina tabia ya kuyapa yote maana ya "shujaa", "malkia" au "mrembo". Usiziamini haraka. Siobhán, Sinéad na Seán yote yana mzizi mmoja na Yohana, yalifika Ayalandi kwa Kifaransa cha Wanormani. Fiona limetungwa na mwandishi Mskoti wa karne ya 18. Saoirse kama jina la mtu ni la karne ya 20, baada ya mapambano ya uhuru. Hayo hayayapunguzii thamani. Ila kama mtu anakuambia Saoirse ni jina la binti mfalme wa miaka elfu, anakuuzia hadithi.

Jambo moja litamgusa mzazi wa Kiafrika moja kwa moja. Majina mengi sana ya Kikelti yanahusu rangi, na rangi inayosifiwa ni nyeupe. Fionn ni mweupe, mwenye nywele za rangi nyepesi. Fionnuala ni "bega jeupe". Gwen wa Wales ni mweupe, ingawa neno hilo pia linabeba maana ya aliyebarikiwa, na Bronwen ni "kifua cheupe". Fiona limetoka hapo hapo. Kenya ina akina Fiona wengi weusi tii, na sijaona aliyelalamika. Hata hivyo upande wa pili upo na ni wa heshima vile vile. Ciara na Ciarán yanatokana na ciar, yaani mweusi. Ciarán ndiye mtakatifu aliyeanzisha monasteri kubwa ya Clonmacnoise katika karne ya 6. Duncan ni Donnchadh, na donn ni kahawia. Douglas ni maji meusi. Mzazi anayempa mtoto wake Ciarán anampa jina lenye mizizi mirefu ambalo maana yake inamkaa vizuri, na akiulizwa ana jibu.

Hadithi nazo zina uzito. Deirdre lina sauti tamu, lakini kila Mwairishi anamjua Deirdre wa huzuni: alitabiriwa maafa akiwa bado tumboni, akatoroka na Naoise aliyempenda, mfalme akamuua Naoise, naye akafa. Aoife (Iifa) ni jina la mwanamke mpiganaji hodari, na pia la mama wa kambo aliyewageuza watoto wa Lir kuwa mabata maji. Waairishi wameshalisamehe, maana wanalipenda sana. Oisín (Oshiin), "paa mdogo", alifuatana na Niamh hadi nchi ya ujana, akarudi baada ya miaka 300, mguu ukagusa ardhi akazeeka papo hapo. Gráinne lina mwenyewe wa kweli wa kihistoria: Gráinne wa ukoo wa Ó Máille, nahodha na mbabe wa bahari ya magharibi, aliyekwenda kuonana na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1593. Kwa binti unayetaka asitishike na mtu, sioni la kulishinda.

Hatua ya 5: Dini

Mkatoliki ana hazina kubwa hapa. Kevin ni Caoimhín, mtakatifu wa Glendalough. Brendan ni baharia, Declan ni wa Ardmore, Aidan ni wa Lindisfarne, Columba alianzisha monasteri ya Iona mwaka 563. Bríd au Brigid ni wa Kildare, sikukuu yake tarehe 1 Februari, na tangu 2023 msimu wake una siku ya mapumziko ya taifa. Akina Brigita wa Kilimanjaro na Songea wana dada zao huko. Wapo wanaokumbusha kwamba Brigid pia lilikuwa jina la mungu wa kike kabla ya Ukristo. Ni kweli, na kila mtu aamue. Lugh na Aodh nayo yana historia hiyo, kwa hiyo familia yenye msimamo mkali iyapime.

Kitu kimoja kitamfurahisha Mwislamu wa Pwani. Zamani Waairishi waliona si adabu kumwita mtoto jina la mtakatifu lilivyo, wakaweka mbele neno la utumishi: Giolla Íosa ni mtumishi wa Yesu, na Malcolm ni Máel Coluim, mfuasi wa Columba. Ni mantiki ile ile ya Abdallah na Abdulrahman. Hata Muire lilitengewa Bikira Maria peke yake kwa karne nyingi, watu wa kawaida wakaitwa Máire.

Kwa akika au ubatizo, tafuteni jina lenye pacha. Máire ni Mariamu. Seosamh ni Yusufu. Eoin na Seán ni Yohana, au Yahya. Séamas ni Yakobo au Yakubu. Mícheál ni Mikaeli. Na kuna mapacha wa kulazimishwa ambao wana faida: makarani na mapadri walipokuwa wanaandika majina ya Waairishi kwa Kiingereza, walichagua la Biblia lililokaribia sauti, au wakati mwingine hata halikukaribia. Sorcha (maana yake nuru) akaandikwa Sarah, Tadhg akaandikwa Timothy, Diarmuid akaandikwa Jeremiah. Watu waliishi hivyo, jina moja nyumbani na jingine kwenye daftari la kanisa, kama babu zetu wengi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa Sorcha kwenye cheti na Sara kwa bibi, na mtakuwa mnafuata desturi ya Waairishi wenyewe.

Hatua ya 6: Zamu za majina na wakwe

Kwa desturi ya zamani ya Ayalandi na Uskoti, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Mkikuyu atasema, "Kumbe!" Tofauti iko kwa mabinti: kwao binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa mama, kwa Wakikuyu huchukua la bibi mzaa baba. Ndoa ya Nyeri na Mayo inaweza kukubaliana juu ya wavulana wote na kugombana juu ya binti wa kwanza. Siku hizi wengi kule hawaifuati desturi hiyo kwa ukali, lakini muulizeni mama mkwe mapema, kabla tumbo halijawa kubwa. Jina la katikati linamaliza kesi nyingi: Ciara Wanjiru, Rhys Baraka, Nia Máire.

Hatua ya 7: Atakulia wapi?

Ayalandi ya Kaskazini jina ni kitambulisho. Belfast mtu akisikia Caoimhe au Séamas atadhani Mkatoliki kabla hajauliza lolote, na Tadhg lina ndugu yake mbaya: "Taig" ni tusi wanalotumiwa Wakatoliki huko. Mtoto mweusi mwenye jina hilo atakuwa na maelezo mawili ya kutoa. Dublin au Galway habari hiyo haipo.

Mkiishi England, jiandaeni kutamka na kuandika herufi kwa herufi kila kliniki na kila benki. Mkiishi Afrika Mashariki, jina litasomwa kama lilivyoandikwa, maana ndivyo tusomavyo: Niamh atakuwa Ni-a-mh, Siobhan atakuwa Si-o-bha-n, mpaka walimu wazoee. Kwa familia iliyoko Dodoma au Eldoret isiyo na mpango wa kuhama, mimi ningechukua tahajia rahisi: Kiara badala ya Ciara, Rian, Owen, Nia. Wapo Waairishi watakaonuna. Hawatakuwepo siku ya kusahihisha jina kwenye mitihani ya taifa.

Hatua ya 8: Tahajia, fada na ubini

Fada si pambo. Seán ni jina, sean bila alama ni "mzee, kuukuu". Rían ni mfalme mdogo, rian ni alama au unyayo. Mkiamua kuiweka, ombeni iandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa, halafu msishangae mistari ya mashine chini ya pasipoti ikiiondoa. Ndivyo mfumo wa kimataifa ulivyo, na tiketi ya ndege isiyo na fada haina tatizo. Kinachosumbua ni cheti kimoja kusema Caoimhe na kingine Keeva. Chagueni tahajia moja kwa nyaraka zote za nchi zote.

Mkiingia kwenye ubini wa Kiairishi, kumbukeni unabadilika kwa jinsia. Mtoto wa kiume wa Ó Briain ni Ó Briain, wa kike ni Ní Bhriain. Ubini unaoanza na Mac, kwa binti huanza na Nic. Ní na Nic hufanya kazi ya "binti" kwenye majina ya Pwani. Baba, mama na binti wanaweza kuwa na ubini tatu tofauti kwenye dawati la uhamiaji, kwa hiyo safirini na cheti cha kuzaliwa.

Na jina lenyewe hubadilika ukimwita mtu kwa Kigaeli. Séamas akiitwa inakuwa "a Shéamais", inasikika Heimish. Hamish wa Uskoti alizaliwa hivyo: wasiojua Kigaeli walisikia watu wakiitwa, wakadhani ndilo jina. Mwalimu wa shule ya Kiairishi akimwita Seán wenu kwa sauti inayoanza na h, hajakosea.

Hatua ya 9: Kusajili

Muda unatofautiana. Jamhuri ya Ayalandi mna miezi 3 tangu kuzaliwa, Uskoti siku 21, England, Wales na Ayalandi ya Kaskazini siku 42. Mkiwa Uskoti, basi, mjadala wa jina umalizike kabla ya mtoto kufika, kwa sababu wiki tatu za mtoto mchanga hupita bila mtu kulala, sembuse kujadili.

Nendeni na jina limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa na fada zake zote, msilitaje kwa mdomo tu. Afisa akishaliingiza, lisomeni herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi, hasa mpangilio wa ao na io, na kama alama iko juu ya irabu inayostahili. Kulirekebisha pale mezani ni dakika moja. Kulirekebisha baadaye ni fomu, viapo na foleni. Chukueni nakala za cheti zaidi ya moja siku hiyo hiyo, kwani ubalozi utataka yake, kliniki yake, na bibi atataka kuona jina lilivyoandikwa ili ajue kwa nini analisikia Siirsha.